Herufi moja iliyokosekana: uchambuzi wa dinari ya Tiberius

Sarafu iliyo mezani imekuja na kikaratasi chenye maneno matatu: Tiberius, Lugdunum, fedha, yaani kaisari wa Roma ya kale, mji wa kiwanda cha sarafu, na metali yake. Aliyeileta anaiita "dinari ya kodi". Kipenyo chake ni milimita 18.5, na uzito wake gramu 3.06. Upande wa mbele kuna kichwa cha mwanamume mwenye pua ndefu iliyonyooka na kidevu kilichochomoza, amevaa taji la majani ya loreli, na ncha za utepe wa taji zinaning'inia kisogoni. Upande wa nyuma kuna mwanamke aliyekaa kitini akielekea kulia, mkono mmoja umeshika fimbo ndefu ya enzi na mwingine tawi. Mtu aliyewahi kuona picha ya dinari hii hata mara moja ataitambua.

Vitu viwili vinatuzuia kukubali haraka. Cha kwanza ni uzito. Cha pili ni doa la kijani, dogo kuliko punje ya mtama, kwenye shingo ya mtawala. Kisa cha namna hii ni cha kawaida kwa wanaoshika dinari za karne ya kwanza. Vipimo vilivyo hapa tumevipanga kama mfano ili hesabu iweze kufuatwa hatua kwa hatua.

Kabla ya kugusa mizani, tuisome picha, maana huko ndiko mwongo anakotaka macho yako yabaki, na ndiko pia anakokosea.

Tiberius alitawala kuanzia mwaka 14 hadi 37 BK. Maandishi yanayozunguka kichwa chake kwenye dinari ya aina hii ni TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. V inasomwa U, na vifupisho vikifunguliwa inakuwa: Tiberius Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Seneti ya Roma ilimtangaza Augusto, mtawala aliyemtangulia Tiberius, kuwa mungu mwezi Septemba mwaka 14, majuma machache baada ya kifo chake. Tiberius hakuwa mtoto wake wa damu. Alikuwa mtoto wa mkewe, Livia, kutoka ndoa ya kwanza, na Augusto alimchukua rasmi kuwa mwanawe mwaka 4 BK akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya arobaini. Kwa hiyo herufi F, kifupi cha *filius*, yaani mwana, ndiyo inayobeba haki yake yote ya kukalia kiti. Ukiiondoa, kinachobaki ni jina la mungu na cheo, bila kitu cha kuviunganisha.

Upande wa nyuma maneno ni PONTIF MAXIM, kuhani mkuu, cheo alichopewa Machi mwaka 15. Mwanamke aliyekaa hana jina. Wengi humwita Livia katika sura ya Pax, yaani Amani, kwa sababu ya tawi na kwa sababu Livia aliingizwa katika ukoo wa Julius kwa wosia wa mumewe na kupewa jina la Julia Augusta. Tunadhani ni busara kuacha mlango wazi: mwanamke huyohuyo, kwa mkao huohuo na maneno hayohayo, alikwisha kutokea kwenye sarafu za mwisho za Augusto mwenyewe, mwaka 13 na 14. Tiberius aliirithi picha pamoja na kiti. Kisha akaiacha ilivyo kwa karibu miaka ishirini, na Livia akafa mwaka 29 picha ikiendelea kuchapwa. Kilichobadilika ni vitu vidogo: miguu ya kiti ikiwa mitupu au ya nakshi, mstari chini ya kiti ukiwa mmoja au zaidi, fimbo ikiwa ya enzi au mkuki uliogeuzwa kichwa chini. Kwa vitu hivyo wataalamu hupanga matoleo.

Kutobadilika huko kulikuwa na faida kwa dola. Sarafu za dhahabu na fedha za Tiberius huwekwa na wataalamu wengi Lugdunum, yaani Lyon ya leo, mji uliokuwa na kikosi maalumu cha askari wa kulinda kiwanda cha sarafu. Kutoka hapo fedha ilielekea mto Rhine, kulikokuwa na majeshi manane. Askari wa kawaida wa jeshi alilipwa dinari 225 kwa mwaka, kwa mafungu matatu ya dinari 75. Mtu anayehesabu dinari 75 hana muda wa kupima moja moja. Anaangalia sura, anaangalia mwanamke kitini, anasogeza. Picha isiyobadilika inamwezesha kufanya hivyo. Nayo pia inampa mghushi kielelezo kimoja tu cha kujifunza kwa miaka ishirini.

(Wasomaji wa Kenya watakumbuka jinsi suala la sura juu ya pesa lilivyo zito: Katiba ya 2010, ibara ya 231, inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na sarafu mpya za Desemba 2018 zikatoka na wanyama.)

Sasa mizani. Chini ya Augusto na Tiberius, ratili moja ya Kirumi ilitoa dinari 84. Ratili hiyo ilikuwa kama gramu 323 hadi 327, kwa hiyo dinari mpya inayotoka chini ya nyundo ilikaribia gramu 3.85 au 3.9, na fedha ndani yake ilikuwa karibu asilimia 97 au 98. Zilizopita mikononi mwa watu huonekana sana kati ya gramu 3.5 na 3.8. Yetu ni 3.06. Hata Nero, mtawala wa baadaye, alipopunguza uzito mwaka 64 na kutoa dinari 96 kwa ratili, alishuka hadi kama gramu 3.4.

Jibu la haraka la muuzaji huwa ni "imechakaa". Jibu hilo linapimika. Kutoka 3.85 hadi 3.06 ni kupoteza moja ya tano ya metali yote. Dinari iliyosuguliwa kiasi hicho huwa laini kama kokoto ya mtoni: nywele zimekwisha, majani ya taji yamekuwa utepe mtupu, mwanamke amekuwa kivuli. Hii yetu bado ina mistari ya nywele juu ya sikio na mikunjo ya nguo magotini. Uzito haukupotea kwa kusuguliwa. Haukuwapo.

Hapo ndipo inapotakiwa densiti, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo, na hapo ndipo wengi huharibu kazi. Njia ni rahisi: weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa chini wala ukingo. Namba inayotokea kwa gramu ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Fedha tupu ni 10.49, fedha ya kiwango cha Tiberius inakaribia 10.45, shaba ni 8.96.

Kosa la kwanza ni mizani yenyewe. Mizani ya kawaida ya sonara inasoma hadi gramu 0.01. Ujazo wa dinari ni kama sentimita za ujazo 0.35 tu, hivyo kukosea tarakimu moja ya mwisho ni kukosea karibu asilimia 3, na jibu litayumba kati ya 10.1 na 10.8. Namba hiyo haisemi lolote. Inatakiwa mizani ya gramu 0.001. Kosa la pili ni povu. Kipovu cha milimita 2 kilichonasa chini ya kidevu cha mtawala kinaongeza ujazo kwa 0.004 na kushusha densiti kwa zaidi ya 0.1. Tone la sabuni ya vyombo kwenye maji, dakika moja ya kusubiri, na kuitikisa sarafu taratibu kwa uzi huondoa povu. Pima mara tatu. Kisha pima sarafu nyingine ya fedha ambayo kiwango chake kinajulikana, kwa maji hayohayo na uzi huohuo. Ikikupa jibu baya, tatizo ni meza yako, hata kama jibu la dinari linakupendeza.

Sarafu yetu ndani ya maji inatoa 0.325. Gawanya 3.06 kwa 0.325: densiti 9.42. Ni mbali sana na 10.45. Ikiwa tunachanganya fedha na shaba peke yake, hiyo ni takriban asilimia 30 ya ujazo fedha na 70 shaba. Kwa uzito, gramu moja ya fedha na gramu mbili za shaba.

Lakini densiti haijui mpangilio. Sarafu iliyoyeyushwa kwa mchanganyiko wa theluthi moja fedha itatoa namba hiyohiyo. Kwa hiyo tunarudi kwenye doa la kijani, safari hii kwa lenzi ya kukuza mara kumi na taa iliyolazwa ubavuni.

Kijani juu ya fedha ya asilimia 97 kinaweza kuwa na sababu isiyo na hatia. Dinari iliyozikwa ikigusana na sarafu za shaba huchukua kutu yao. Kutu ya kuazima hukaa juu: ukiisogeza kwa kijiti cha mti, chini yake fedha ni nzima. Doa letu halikai juu. Fedha pembeni yake imeinuka kama ngozi ya lengelenge lililopasuka, ukingo wake ni mkali, na ndani ya shimo kuna rangi mbili, kwanza nyekundu ya kahawia, kisha kijani kikitokea katikati yake. Kutu inatoka ndani kuja nje. Ukizungusha sarafu ukingoni, kuna sehemu yenye urefu wa milimita tatu hivi ambapo ngozi ya fedha imepanda juu ya ngozi nyingine, mstari mwembamba unaopinda, usiozunguka sarafu nzima.

Mstari huo usichanganywe na ule wa sarafu ya kusubu. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu ya vipande viwili huacha mshono unaokwenda ukingo mzima, au alama za tupa pale mshono ulipofutwa. Uwanja wake huwa na vishimo vya mviringo vya hewa, na mizizi ya herufi hulegea kama sabuni iliyotumika. Yetu haina hayo. Herufi zake zimesimama wima kutoka uwanjani, na karibu na ukingo kuna mistari midogo inayokimbilia nje, alama ya metali iliyotanuka kwa pigo. Imechapwa.

Basi tunashika dinari ya kuvikwa. Msomaji asifikirie fedha ya kuchovya, ile ya umeme, ambayo ni utando mwembamba mno. Hapa kisahani cha shaba kilifungwa kwa karatasi ya fedha, kingo zikakunjwa moja juu ya nyingine kama manda ya sambusa, kikatiwa moto. Ujanja wote umo katika joto. Fedha peke yake huyeyuka kwa nyuzi 962 za Selsiasi, shaba kwa 1085, lakini zinapogusana, mchanganyiko wa sehemu 72 za fedha kwa 28 za shaba huyeyuka kwa nyuzi 779 tu. Kwa hiyo mpakani mwa metali hizo mbili hujitengeneza lehemu yenyewe, bila kuongezwa kitu, huku ngozi ya nje ikibaki ngumu. Moto ukizidi, fedha inatiririka na shaba inachungulia. Moto ukipungua, ngozi haishiki, na pigo la kwanza la nyundo linaibandua. Hata ikishika vizuri, mhuri huinyoosha zaidi pale picha inapoinuka na pale ukingo unapotanuka. Ndiyo maana shaba huanza kuonekana puani, shavuni, shingoni na ukingoni, sehemu ambazo vidole vya kila mtu hugusa kwanza.

Tunaweza hata kukadiria unene wa ngozi. Asilimia 30 ya ujazo wa 0.325 ni kama sentimita za ujazo 0.097. Eneo la pande mbili na ukingo kwa kipenyo cha milimita 18.5 ni takriban sentimita za mraba 6. Gawanya: milimita 0.16. Na kutoka hapo hesabu ya mghushi inajitokeza. Dinari halali ya gramu 3.75 ina fedha ya gramu 3.65 hivi. Yeye alitumia gramu moja kwa kila sarafu. Dinari moja ya kweli ilimtosha kuvika zaidi ya tatu.

Unene huo una mtego wake kwa wapimaji wa leo. Kifaa cha mionzi ya eksirei kinachoshikwa mkononi, ambacho maduka mengi ya vito yanacho, husoma sehemu ndogo sana ya milimita kutoka usoni. Ukikielekeza kwenye shavu zima la Tiberius kinaweza kukuambia fedha asilimia 97, na kitakuwa kimesema kweli kuhusu kilichokiona. Soma pia pembeni ya doa, na mahali pengine pawili, na usikubali kamwe cheti chenye kipimo kimoja tu. Sumaku haisaidii, fedha haishikwi wala shaba. Kuidondosha mezani usikilize mlio ni hatari, kwani fedha iliyokaa ardhini miaka elfu mbili inaweza kuwa na nyufa za ndani na kukatika kama biskuti. Tindikali na tupa tusiziseme.

Swali linalobaki ni la umri: je, ni uongo wa kale au wa juzi? Waghushi wa sasa nao hutengeneza dinari za kuvikwa. Pamba yenye asetoni safi ikipitishwa kwenye kijani huchukua rangi ya kupaka. Hapa haikuchukua kitu. Ile nyekundu ya kahawia chini ya kijani ni tabaka gumu la punjepunje lililokula shaba polepole na kuiinua fedha kutoka chini. Rangi ya chupa haiwezi kuinua fedha. Kisha tukatafuta pacha. Sarafu mbili zilizochapwa kwa mhuri mmoja hulingana picha, lakini haziwezi kulingana umbo la kisahani, mahali picha ilipoangukia, na ufa wa ukingoni. Zikilingana vyote, zimetoka kalibu moja. Pacha wa namna hiyo hakupatikana. Tunaiweka kwenye uongo wa kale.

Na sasa herufi. Mbele ya kichwa maandishi yanasomeka TI CAESAR DIVI AVG, na mara moja baada yake AVGVSTVS. F haipo. Kabla ya kusema haipo ilibidi kuhakikisha haikuzibwa na kutu na haikuanguka nje ya kisahani. Nafasi kati ya G na A ni sawa na nafasi kati ya herufi nyingine. F haikuwahi kuwa na mahali pa kukaa. Herufi zenyewe zina urefu usiolingana, na V ya pili katika AVGVSTVS imeegemea jirani yake. Kosa la herufi moja linaweza kumtokea hata fundi wa dola, kwa hiyo peke yake lisingemtia mtu hatiani. Likisimama pamoja na shaba, tunamwona mtu aliyekuwa na jicho zuri na mkono mzuri, aliyenakili pua, utepe na mikunjo ya nguo kwa uangalifu wa ajabu, lakini maandishi aliyachukua kama urembo wa kuzunguka picha. Alijua kwamba mpokeaji atatazama sura. Kuhusu hilo alikuwa sahihi: kovu la patasi, ambalo wakaguzi wa pesa wa kale waliliacha kwenye sarafu walizozitilia shaka, halipo pande zote mbili. Aliyepewa aliipokea.

Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, anasimulia kwamba mtumwa mmoja aliyeachwa huru na Mrumi alisukumwa na upepo hadi Taprobane, Sri Lanka ya leo, na mfalme wa huko alistaajabia dinari alizokuwa nazo: sura zilionyesha kuwa zilitolewa na watawala tofauti, lakini uzito ulikuwa sawa. Mfalme yule alipima. Na katika vituo vya biashara vya Bahari ya Hindi sifa hiyo ilikuwa mtaji. Akiba zilizofukuliwa kusini mwa India zimejaa dinari za Augusto na hizi za Tiberius.

Kwa upande wetu wa bahari ushahidi ni mwembamba zaidi. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza unaitaja Malao, ambayo hulinganishwa na Berbera, kama mahali palipopokea dinari chache za dhahabu na fedha. Ukifika Rhapta, mji wa mwisho wa Azania, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, orodha ya bidhaa ni mikuki, vishoka, visu, misharasi ya kutobolea na vitu vya kioo, dinari hazitajwi. Akija mtu na dinari akisema imechimbwa pwani ya Tanzania au Kenya, mwulize shimo liko wapi na nini kilikuwa pembeni yake, kisha mpeleke makumbusho kabla ya mnunuzi.

Jina la "dinari ya kodi" nalo linahitaji kupunguzwa sauti. Injili inasema Yesu aliletewa dinari yenye sanamu na anwani ya Kaisari. Haisemi ni Kaisari yupi wala aina ipi. Tiberius ndiye aliyekuwa akitawala, na dinari yake ya kawaida ndiyo hii, ndiyo maana jina limeshika. Lakini dinari za Augusto bado zilikuwa zikizunguka. Jina hilo ni la wauzaji na huongeza bei. Kwenye rekodi halina kazi.

Kikaratasi kipya tunakiandika hivi: dinari ya kuvikwa, ya kale, moyo wa shaba, inaiga Tiberius, PONTIF MAXIM, mbele F imekosekana, milimita 18.5, gramu 3.06, densiti 9.42; imetobokea shingoni; mahali ilipotengenezwa hapajulikani. Neno Lugdunum linafutwa, kwa kuwa Lugdunum ni mahali pa ile iliyoigwa. Neno "bandia" tupu nalo halifai, litaitupa kapu moja na takataka za kusubu za mwaka jana, wakati sarafu hii ilipita sokoni enzi zilezile ambapo sheria ya Kornelia, iliyotungwa zamani na Sulla, dikteta wa Roma, ilikuwa ikiwaadhibu walioghushi fedha.

Kuitunza ni tofauti na dinari ya fedha kamili. Tundu la shingoni limefungua njia ya hewa hadi kwenye shaba, na chumvi ya pwani itaendelea kuila kutoka ndani hadi ngozi ibaki ganda. Isioshwe kwa maji ya limau wala magadi. Ikaushwe, iwekwe kwenye kisanduku kidogo kinachofunga vizuri pamoja na kifuko cha silika, kibadilishwe kinapolowa. Usitumie mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo ikizeeka hutoa utelezi wa kijani unaochoma metali. Itazamwe kwa lenzi kila baada ya miezi michache. Unga wa kijani kibichi ukionekana umeanguka chini ya sarafu, kutu imeamka, na ipelekwe kwa mhifadhi siku hiyohiyo.